Nimalizieje barua pepe kwa Prisila?

Mpendwa Mama Devotha, naomba msaada wako nikiwa bado na pumzi ya kuuomba, maana mimi ni mgane, afisa elimu mstaafu wa Lyamkena, Makambako, moyo wangu umechoka na daktari kule Njombe ameniambia nisipange mambo ya mbali. Kuna mama mmoja mjane wa Matembwe, Prisila, niliyesoma naye Kidugala ujanani, na tangu mwaka jana tunaandikiana barua pepe, yeye ananipa habari za shamba lake la chai na wajukuu, mimi nampa habari za vidonge vyangu, tunachekeshana sana, na ukweli ambao sijamwambia hata mchungaji ni kwamba nampenda, wala sitaki kufa sijamwambia. Shida ni namna ya kumalizia. Nimeandika barua za serikali maisha yangu yote, mkono umezoea, kwa hiyo nikifika mwisho najikuta nimeandika "Wako katika ujenzi wa taifa", jina, cheo, na chini kabisa "Nakala: Jalada". Juzi nilijikaza nikamwandikia kwamba sauti yake hainitoki masikioni, kisha nikamalizia vilevile. Akajibu mstari mmoja: "Nahumu, taifa tumelijenga mpaka tumestaafu. Sasa wewe ni wa nani?" Nimefurahi kama mtoto, ila nimekwama. "Wako mtiifu" ni ya kuombea kazi, "Wako katika Bwana" ni ya kanisani, "Wasalaamu" huandikiwa hata fundi bomba, na nikiweka "Mpenzi wako" wanangu watasema dawa zimenizidi. Nimalizieje?

Nahumu, Lyamkena

Shikamoo, Mzee Nahumu. Pole kwa kuugua, ingawa naona huo moyo wako kuna kazi moja bado unaifanya vizuri sana. Lakini niruhusu nikuseme kidogo. Mama wa watu amekuuliza swali, na wewe badala ya kumjibu yeye umeniandikia mimi gazetini. Mwanamke hamuulizi hivyo mwanamume asiyemtaka. Tena amevumilia cheo chako na nakala zako mwaka mzima. Mwingine angekwisha kuacha kujibu.

Wanao ni watu wazima. Waambie leo mezani, wasije wakasikia kwa majirani. Wataguna, watacheka, watazoea. Kisha kaa uandike: "Mimi ni wako, Prisila, ukinikubali." Chini yake weka Nahumu, basi. Cheo futa. Na uitume kabla hujaisoma mara ya pili, maana nyinyi watu wa ofisi mkirudia kusoma mnaanza kusahihisha.

Ukishatuma, usikae unaikodolea simu macho. Mwambie mwanao akupeleke Matembwe Jumamosi hii. Vaa koti zito, beba dawa zako, umwone mama wa watu ana kwa ana. Muda mlio nao ni mfupi, mzee wangu. Msiumalize kwa kuandikiana.