Mkono wa Veronika Haukungoja Ruhusa

Mwanza,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Baba Mdogo Kasiano, maana najua ni wewe unayemsomea. Habari za hapo Kibaoni? Mpunga umeshaingia ghalani? Kiuno cha Baba kimepoa? Mimi ni mzima, ila na huu ugali wa muhogo wa chuoni bado tunagombana.

Baba, barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Umemrudisha mke wangu Veronika kwao Sibwesa, kwa kuwa alikumwagia uji wa moto miguuni mbele ya wageni. Ukasema, "Mkono hautupi kitu ambacho moyo haujautuma." Nilikuwa na hasira, sikufichi, na sikujua nimkasirikie nani.

Alhamisi mwalimu wetu wa uganga wa hospitali, mzee mwenye mvi kukushinda, alinikalisha juu ya meza, miguu ikining'inia. Akainama na nyundo ndogo ya mpira, akanigonga chini kidogo ya pia ya goti. Baba, nilimpiga teke! Teke la kifua, miwani ikaanguka. Niliruka chini nikapiga magoti, maana kwetu kumpiga mzee ni kujitafutia laana. Yeye akacheka mpaka akakohoa.

"Inuka, kijana. Hujanipiga wewe. Mguu wako umejibu wenyewe."

Nikamuuliza, "Na mkono ukiguswa na kitu cha moto?"

"Unakuwa umeshaachia, ndipo mwenyewe anasikia maumivu."

Akatuchorea ubaoni. Ndani ya uti wa mgongo imepita kamba laini, na mishipa ya fahamu inapeleka huko habari ya kila kidole. Habari ya moto haingoji kichwa kitoe ruhusa. Ikifika tu mgongoni, amri inarudi palepale: achia! Kichwa kinakuja kuambiwa baadaye, kama mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa safarini. Yote hayo yanakwisha kabla hujasema "Yesu!"

Tangu siku hiyo natembea nikishangaa. Vumbi likiruka, jicho limeshajifunga. Mtu akikanyaga mwiba, mguu umeshainuka na yeye bado yumo katikati ya neno. Leo kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nautazama mkono wangu. Mungu ametuwekea mlinzi asiyesinzia, na tumeishi naye miaka yote bila kumjua. Nilitokwa na machozi, Baba, na sioni haya kukuambia.

Sasa fikiri na wewe. Barua yako yenyewe ilisema kwamba Veronika aliacha tambara jikoni. Aliliacha kwa nini? Kwa sababu nyumbani kwetu baba mkwe hupewa chakula kwa mikono mitupu. Marehemu Bibi alisema kumpa bakuli kwa tambara ni kumwonyesha kuwa unamwona mchafu. Basi akabeba bakuli la bati la moto kwa vidole vitupu, akavuka uwanja mzima, akavumilia kwa heshima yako. Nadhani alipopiga magoti uji ulimmwagikia vidoleni, na hapo moyo wake haukuulizwa tena. Je, kuna mtu aliyemtazama viganja?

Najua mtoto hamfundishi mzazi, kwa hiyo usiniamini mimi. Kaa juu ya meza, miguu isiguse chini, na usijikaze. Baba Mdogo akugonge chini ya pia ya goti kwa ubavu wa kiganja, mara mbili tatu mpaka apapate penyewe. Baba Mdogo, tafadhali kaa pembeni, usikae mbele yake.

Msalimieni Mama, mwambieni sala zake zinanifikia. Msalimieni Shangazi muuza dagaa, na katekista aliyetuandaa kufunga ndoa kwa mafundisho yake mengi.

Baba, mguu ukitulia, niandikie kwamba mimi ni mwongo, nitanyamaza. Ukiinuka bila wewe kuutuma, panda lori la kwanza umfuate mke wangu. Ukifika, kabla hujamuuliza lolote, mwombe akuonyeshe mikono.

Ni mimi mwanao ninayekuheshimu,
Leonsi