Nati za Gurudumu la Mbele

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, kisha uzigawe hapo nyumbani kwa haki: kubwa mpe wifi, tamu wape watoto, na zitakazobaki ndizo zako. Natumaini barua hii inawakuta wazima, kikohozi cha yule mdogo kimekwisha, na mgongo wako umepata nafuu baada ya mizigo ya ghalani. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila anailalamikia miwani yake mipya kwamba inamwonyesha vumbi ambalo zamani halikuwepo. Mimi pia ni mzima, na safari hii nasema hivyo bila kukuficha kitu, hata habari za goti.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Sababu utaiona huko mbele. Ninachokuomba ni usome ukiwa umekaa, tena usome kwa mpangilio. Usifanye ulivyokuwa ukifanya magazeti, kuanzia ukurasa wa nyuma.

Nianze na kazi. Mimi bado ni yule yule wa kusoma vipimo vya maji. Kila wiki napita vituo sita vya vijito kule msituni, kila kimoja na ubao wake wa namba uliosimikwa majini. Nasoma, naandika, naondoa matawi yaliyokwama, nashika njia. Gari hufika kituo cha kwanza tu. Vilivyobaki ni njia ya miguu, mizizi na mawe, panda shuka, panda shuka. Mwaka huu goti likaanza kunigomea. Nikawa narudi ofisini nikichechemea, nikiulizwa nasema nimeteleza. Mkuu wetu si mtu mbaya, lakini macho anayo, na mtu hawezi kuteleza kila Jumanne. Siku moja akaniita, akafunga mlango taratibu, akaniambia kuna kiti kitupu katika chumba cha kumbukumbu, na kwamba hapendi kumwona mtu akijimaliza mbele yake. Chumba kile hakina dirisha, Kaka. Nikamwomba miezi miwili. Akaniuliza miezi miwili ya kufanya nini, na mdomo ukanitangulia: "Nitatafuta baiskeli."

Nilipotoka pale nikaujutia mdomo wangu. Unajua kwa nini. Kwa miaka kumi na minne sikuwa nimeshika usukani. Hata baiskeli iliyoegeshwa ukutani nilikuwa naipitia mbali, kama mtu anayempisha mbwa asiyemjua. Nikaenda kwa daktari wa viungo nikitumaini atanikataza. Badala yake akasema goti langu linachukia kubeba mwili kwenye mteremko, lakini kuzunguka halikatai, na pedali zingelifaa kuliko viatu. Basi nikakosa pa kujificha.

Nyuma ya kituo cha mafuta kuna fundi mmoja wa baiskeli, watu humwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno analompa kila mteja, hata aliyefuata kiraka tu. Ni mtu mfupi, viganja vipana, miwani imefungwa kwa uzi. Niliingia dukani kwake nikaenda moja kwa moja kwenye baiskeli nyekundu iliyokuwa ikining'inia, ina shokapu mbele na nyuma, inang'aa kama bibi harusi. Akaniacha niipende kwanza. Kisha akaishusha, akaniambia niibebe begani. Nikaifikisha kiunoni, ikanishinda. Akaniuliza kama najiandaa kushindana na watu au nina mahali pa kwenda.

Nikamweleza yote: vijito, mkoba wa vifaa, miti iliyoanguka njiani ambapo itabidi niinyanyue baiskeli nipite nayo juu. Akatikisa kichwa. Alisema shokapu ya nyuma ni ya wale wanaoruka kwenye majabali. Kwangu ingekuwa mzigo wa kupanda nao mlima na kitu kimoja zaidi cha kuharibika mbali na nyumbani. Mimi nilihitaji ya kunipeleka na kunirudisha.

Basi akanisimamisha ukutani bila viatu, akanibania kitabu kati ya mapaja, akapima kutoka kitabu hadi sakafuni. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitupima urefu kwenye mlango? Ndivyo ilivyokuwa, ila kitabu kiko mahali pasipo na heshima. Nilidhani mtu mfupi kama mimi hushusha kiti tu, mambo yakaisha. Akanifundisha kwamba kiti kinaitibu miguu lakini hakiitibu mikono: fremu ikiwa ndefu inakuvuta mbele, na ukishuka uzito wote unalalia viganja. Mwishowe akanitolea moja ya mkono wa pili, rangi ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Fremu ndogo, shokapu mbele tu, tairi pana zenye meno, breki za diski za mafuta ambazo unazivuta kwa kidole kimoja. Mbele ina duara moja tu la mnyororo, lakini nyuma gia kubwa kuliko zote ni kama sahani ya chakula. Akaniambia hiyo sahani ndiyo itakayonilia milima. Niliizunguka mara tatu. Haikuwa nzuri, Kaka, lakini nilipoisimamia niliona nimesimama mahali pangu.

Kuitengeneza inifae ilichukua Jumamosi nzima. Aliinua kiti mpaka kisigino changu kikagusa pedali ya chini huku mguu umenyooka, kisha akazungusha utepe mweusi kwenye nguzo ya kiti: alama moja ya kupandia, nyingine juu yake ya kushukia, kwa sababu kwenye mteremko mtu hushusha kiti ili awe na nafasi ya kurudi nyuma. Akazielekeza breki chini kidogo ili vifundo vya mikono visikunjike. Akaniambia nivae mkoba wa kazi na vitu vyote ndani yake, nikae, nishuke. Akatazama shokapu imezama kiasi gani, akapunguza upepo uliomo ndani yake, nikakaa tena. Alisema isipozama hata kidogo hiyo si shokapu, ni fimbo. Tairi nazo nilizitaka ngumu kama jiwe. Akazitoa upepo mpaka nikaogopa, akanieleza kwamba tairi laini ndiyo inayoshika mzizi na jiwe, ngumu inaruka. Nilikuwa nafurahi, sitaki kukudanganya. Kwa muda nilisahau hata kuogopa.

Kisha akalichomoa gurudumu la mbele, akaniwekea mapajani, akasema nilirudishe mwenyewe, kwa maana kule juu hakuna wa kumwita. Gurudumu la siku hizi halina nati mbili. Lina mhimili mmoja unaoupitisha katikati, ukaukaza kwa mpini wake mdogo. Kazi ya dakika moja. Kaka, nilishindwa. Mhimili ulinichopoka ukaanguka chini, ukabingirika hadi chini ya meza. Machozi yakanitoka mbele ya wateja wawili. Fundi akadhani nimejikata. Nilimwambia hapana. Aliinama akautafuta ule mhimili, akaufuta kwenye suruali yake, akanikabidhi tena.

"Taratibu," alisema. "Kaza. Halafu mimi nitakagua, halafu wewe utanikagua mimi."

Nilikaza. Akakagua. Nikamkagua. Akanifanya nilitoe na kulirudisha mara sita, mpaka mikono yangu ikachoka kuogopa.

Wiki mbili nilifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule, asubuhi, kabla watoto hawajafika kunicheka. Halafu Jumanne moja nikapakia baiskeli kwenye gari la ofisi. Kupanda nilipanda kwa ile sahani, polepole kiasi kwamba kipepeo mmoja alinipita, akarudi kuniangalia. Goti halikusema neno. Nikasoma kituo cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Kutoka cha sita kuna mteremko mrefu, mizizi imekatiza njia kama mishipa ya mkono. Nikasimama juu yake. Nikashusha kiti hadi alama ya kushukia, nikaligusa gurudumu la mbele, nikaligusa tena. Nikajiambia naweza kushuka na kuisukuma, hakuna anayeniona. Kisha nikaachia breki.

Sikuanguka. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Baiskeli ilinguruma chini yangu, shokapu ikimeza mizizi, vidole viwili tu kwenye breki, nami nimeketi hewani, magoti yamelegea kama fundi alivyonifunza. Nilipofika chini nikajikuta nacheka peke yangu, dereva wa ofisi akaniuliza kama nimeona nyani. Mkuu wetu ameshafuta habari ya kile chumba. Sasa hata wenzangu wawili wananiuliza wanunue ipi, nami nawaambia kwanza wanijibu wanakwenda wapi. Lakini nilipokaa ndani ya gari kile kicheko kikanigeukia. Nilikuwa nimeteremka mlima salama juu ya gurudumu nililolikaza mwenyewe, na hapo nikashindwa kuendelea kulibeba jambo nililolibeba tangu nina miaka kumi na mitano.

Kaka, ile siku niliyovunjika goti, wewe hukusahau kukaza gurudumu.

Ulikaza. Ilikuwa Ijumaa jioni, nilikuwa nimekaa kizingitini nakuangalia. Uliijaribu kila nati mara mbili, ukaifungia spana kwenye sanduku lako. Jumamosi asubuhi ulipotumwa na Mama, niliichukua baiskeli ingawa ulinikataza, nikapita nayo kwenye kiwanja cha miiba, tairi ya mbele ikatoboka. Nikaogopa utanigombeza. Nikaazima spana kwa jirani, nikalifungua gurudumu, nikakimbia nalo kwa fundi wa pancha. Niliporudi jirani ameshakwenda kazini na spana yake. Nikazikaza zile nati kwa vidole na kitambaa, nikajiambia ukirudi nitakuomba spana. Ukarudi unacheka, tukaondoka na baiskeli.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilisahau. Sikusahau. Tulipofika juu ya kilima nilikumbuka, nikaona aibu kukwambia, nikasema moyoni ni mteremko mmoja tu. Gurudumu lilichomoka kabla hatujafika chini.

Nilipozinduka hospitalini, wewe ulikuwa umesimama miguuni pa kitanda ukimwambia Mama, "Ni mimi. Sikukaza." Mwanzoni nilinyamaza kwa maumivu. Baadaye nilinyamaza kwa hofu. Halafu siku zikapita, na kila siku iliyopita ilinifunga mdomo zaidi. Nilikuona ukigawa vifaa vyako. Nilikuona ukirudisha ile barua ya gereji iliyokuwa imekukubali kwenda kujifunza, ukisema mtu anayesahau nati ataua watu. Wifi huniambia kwa utani kwamba bomba likivuja unaita fundi, na kwamba unarudi kukagua kitasa mara tatu kabla ya kwenda kazini. Yeye hucheka. Mimi hucheka naye, halafu nakata simu.

Nilimwambia Mama kwanza. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha, akaenda chumbani kwake, na kwa siku mbili hakunipa zaidi ya salamu. Siku ya tatu akaniletea karatasi na kalamu. Nilisema ningekupigia simu. Akakataa. "Simu utalia," alisema, "naye atakunyamazisha kabla hujasema. Mwandikie." Mama anatujua. Ungeniambia si kitu, yamepita, na ungeendelea kukagua kitasa.

Siombi unisamehe papo hapo. Kaa na jambo hili unavyotaka, muda unaotaka. Ukitaka kuja kunigombeza uso kwa uso, njoo. Chumba chako kimefagiliwa na Mama amekwisha kuuliza mara mbili utakuja lini. Usipotaka kuandika, nitaelewa, ingawa nitakuwa namsumbua mtu wa posta. Kwangu mimi, nimelala vizuri tangu nilipoanza barua hii, na nimeianza mara nne.

Nisalimie wifi, mwambie asisome kwa sauti mbele ya watoto. Wabusu watoto, waambie shangazi yao sasa anapanda milima kwa baiskeli, waulize ni nani darasani kwao mwenye shangazi wa namna hiyo. Mama anakusalimu kwa jina lako la utotoni, lile usilopenda liandikwe, nami nimeliheshimu.

Ukikasirika, kasirika na mimi. Lakini mikono yako haikukosa kitu, Kaka. Patana nayo leo.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto