Jicho la Kushoto la Robot

Observatory, Johannesburg
Alhamisi, 17 Julai 2025

Kwako dada Mwanaharusi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima na goti limekupa nafuu. Sisi hatujambo, ila baridi. Daktari Benita, anayetibu wanyama mtaani kwetu, amesema leo mchana kwamba jicho la kushoto la nyoka wa Samira halitaona tena. La kulia bado hana uhakika.

Ulicheka sana niliposema binti yangu anafuga nyoka. Tuliachiwa na jirani yetu Steve alipohama. Hana sumu, ni mwekundu mwenye madoa ya njano, ndiyo maana Samira alimwita Robot, jina la taa za kuongozea magari huku. Saida mpaka leo anasema aliolewa na fundi cherehani, si mganga wa nyoka.

Wiki mbili zilizopita Robot alianza kujivua ngozi. Kwa kawaida hutoka nzima, kama soksi. Safari hii ilikatika vipande ikagandia mwilini. Kosa ni langu. Mtu wa Tanga akiona baridi hufikiria joto tu, maana kwetu hewa ina unyevu bila kuombwa. Niliwasha hita kutwa kucha, na hewa ya huku, kavu tangu mwanzo, ikazidi kukauka.

Daktari alituagiza tumlaze kwenye beseni lenye taulo la maji vuguvugu nusu saa kila jioni, na tusivute chochote. Siku ya nne ngozi ya mgongoni ilitoka yenyewe. Ya machoni ilibaki. Nyoka hana kope. Jicho lake hufunikwa na ngozi nyembamba inayovuliwa pamoja na nyingine. Samira alikaa kando ya beseni akiniuliza, kwa Kiingereza chake, inakuwaje fundi anayepunguza suti za mabwana harusi ashindwe kumvua nyoka nguo.

Dada, Jumatatu akiwa madrasa nilichukua kibano ninachofumulia nyuzi. Kwa miaka ishirini na mbili mkono huu haujachana kitambaa cha mteja. Nilishika ukingo wa ile ngozi ya jicho la kushoto nikavuta, ikatoka pamoja na ya chini yake. Nyoka halii. Alijikunja tu kiganjani mwangu.

Samira aliporudi nilimwambia Robot amejikwaruza kwenye jiwe. Jiwe lile aliliweka yeye. Tangu siku hiyo hamgusi nyoka, na chakula anakiacha nusu. Leo amemwomba daktari msamaha. Daktari alilitazama jeraha, akanitazama mimi. Nilisimama nimeshika beseni. Hata Saida hajui.

Usiniandikie maneno ya kunipoza. Msalimie shemeji Bakiri, na kila aniulizaye hapo nyumbani. Jumanne tarehe 22, saa nne asubuhi, tunarudi kupima jicho la kulia. Nimemwomba daktari atuachie chumba chake dakika kumi kabla, mimi na Samira peke yetu.

Mdogo wako,
Mahmoud