Riwaya Iliyorudi na Alama za Tende

Mjini Ibra, Jumatano

Uchamungu gani huo, jamani! Mdogo wangu Nasor kanirudishia leo ile riwaya ya Kifaransa, tafsiri ya Kiarabu, aliyoninyang'anya mwezi uliopita. Alisema ni uchafu, akampiga marufuku binti yake Zuwena asije tena kusoma kwangu. Nyumba imepooza tangu siku ile. Nilianza kuogopa kuwa mtoto ndiyo basi tena.

Kisa chenyewe ni cha mtawa wa Kikristo wa zamani, aliyetoka jangwani kwenda kumtoa kahaba kwenye dhambi. Mwanamke akatubu. Mtawa akabaki anaungua kwa kumtamani.

Nikakifungua kitabu. Kurasa za sala safi kabisa, kama hazijaguswa. Kurasa za yule mwanamke zimegandana kwa tende! Mtu mzima na ndevu zake, kakaa na kahawa anazirudia, hata kunawa vidole kashindwa kungoja.

"Nilikuwa nakikagua tu," akasema.

Mlangoni akashusha sauti: "Dada, mwandishi huyu hana kitabu chengine?"

"Anacho, na ninacho. Mwache Zuwena aje akichukue."

Alikubali hata sijamaliza kusema.