Gari Jeupe Lenye Vioo vya Giza

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Shemeji na watoto, na ziwakute mna nguvu kuliko mimi ninayeziandika. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au ameifungia kabatini kama anavyofungia kila kitu kizuri? Mimi siumwi, ila nimechoka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, hata kunyoa ndevu naona ni shughuli.

Barua yako imenifika wiki iliyopita. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale unaponieleza ulivyogombana na Shangazi kwenye kikao cha familia kwa ajili yangu. Umesema ulisimama mbele ya watu wote ukamwambia kwamba anayetaka kunisema kwa kutokuja kumzika Mzee akuseme wewe kwanza, kwa kuwa mdogo wako alikuwa mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani, gari limemharibikia, naye hana mabawa. Na tangu siku hiyo hamsalimiani. Kaka, hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kwa simu nimejaribu mara tatu, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Nianze na kazi yenyewe, maana huko nyumbani mnadhani nafaidi. Gari ni la kifahari kweli: viti vya ngozi, jokofu dogo katikati, vioo vya giza. Wageni huja wawili wawili, wengi wao wazee waliostaafu, kwa safari ya siku sita. Miji ya kale minne, na kati ya mji na mji ni milima, mabonde na mashamba ya maua. Nasimama palipoandikwa kwenye ratiba, natoa taulo baridi zenye manukato, nasema maneno mawili matatu juu ya mandhari, tunaendelea. Mlima ule ule, maneno yale yale. Zamani nilikuwa nautazama ule mlima. Siku hizi najua tu kwamba baada yake kuna kona mbaya.

Wageni wakienda kwenye mashuka yao meupe, sisi madereva tunalala nyuma ya jiko la hoteli, vitanda vinne na feni moja yenye kelele. Kanuni za kampuni unazijua, niliwahi kukusimulia tukacheka: kofia kichwani, tabasamu usoni, usishuke ukawaacha wageni peke yao garini, na usiwaambie habari za kwenu. Bosi husema mgeni amekuja kupumzika, hakuja kubebeshwa matatizo ya dereva.

Na unajua kwamba mji wa tatu kwenye ratiba ni kwetu. Mzee alikuwa akijua siku zangu. Nikifika na wageni kwenye ule ukuta mkongwe, namkuta amesimama pembeni na kofia yake ya kazi, kama mpita njia. Mimi nawaambia wageni kwamba ukuta una miaka mia tatu, naye anatikisa kichwa kukubali, huku akijua kabisa kwamba nusu yake aliijenga upya kwa mikono yake mwaka nilioanza shule. Wageni wakiondoka ananiambia niuongezee miaka mingine mia, jiwe lake haliogopi. Nilimpenda sana mzee yule, Kaka. Naomba uliamini hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Uliponipigia simu kunipa habari za msiba, hatukuwa mbali. Tulikuwa mji wa pili, mwendo wa saa tatu tu. Nilikuwa na mume na mke, mume anatembelea mkongojo, mke hashushi kamera. Nilimpigia bosi kumwomba dereva mwingine. Akanipa pole, halafu akasema dereva mwingine hakuna, na nikiwaacha wageni njiani nisirudi kazini. Ningeweza kuacha kazi hapo hapo. Watu wanaacha kazi kwa mambo madogo kuliko baba. Mimi nikakupigia nikasema gari limeharibika, tuko mwendo wa siku mbili.

Nilikuwa nimejipangia. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nne asubuhi, sisi ratiba ingetufikisha saa sita. Ningewashusha wageni hotelini wale chakula cha mchana, nije nyumbani mbio, niseme gari limepona na nimeendesha bila kulala. Lakini asubuhi ile yule mke mwenye kamera aliamka mapema akitaka kuupiga picha ukuta kabla jua halijawa kali. Nilijaribu kumpinga kwa upole, hakusikia, tukaondoka kabla ya saa yetu. Saa nne kasoro tulikuwa pale ukutani, na mimi namweleza miaka mia tatu yangu. Tuliporudi garini nikawasha injini, nikakata kona ya soko.

Ndipo mlipotokea.

Gari jeupe ulilolisimamisha siku ile, Kaka, lilikuwa langu. Ulitoka mbele ya jeneza ukanyoosha mkono, nikafunga breki. Ukaja ukaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayezuia ng'ombe, ukasimama hivyo mpaka Mzee akapita. Magari ya kampuni ni tisa na yote yanafanana, na jua lilikuwa linapiga kioo cha mbele. Hukuangalia ndani. Macho yako yalikuwa yamevimba. Mama alipita ameshikwa na Shangazi, karibu kabisa na dirisha langu, ningeshusha kioo ningemgusa bega.

Yule mgeni aliniuliza huyo aliyefariki ni nani. Nikasema ni fundi mwashi aliyejenga ukuta huu. Akasema lakini nimewaambia una miaka mia tatu. Nikasema aliukarabati. Akauliza kama nilimfahamu. Nikajibu namjua kwa sura.

Kwa sura, Kaka. Nilisema hivyo, kofia kichwani.

Mlipomaliza kupita uligonga boneti mara mbili ukasema, "Asante, dereva." Nikaendesha. Kuhusu chakula cha mchana niliwaambia hoteli imejaa, nikawapeleka mpaka mji wa nne bila kusimama. Baada ya yale sikuwa na uso wa kuleta nyumbani.

Basi nenda kwa Shangazi, umwombe radhi. Umwambie alikuwa na haki, na asemayo juu yangu bado ni machache. Usinitetee tena popote. Kazi nimeiacha juzi, ingawa najua nimechelewa kwa miezi miwili na haimsaidii mtu. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Ukiona vema unipokee stendi. Usipokuwepo nitaelewa, nitatembea kwa miguu mpaka makaburini, na wewe ndiye utakayeamua kama baada ya hapo niingie ndani.

Wasalimie watoto na Shemeji. Mama usimpe salamu zangu. Alipita karibu yangu sikumwamkia, kwa hiyo shikamoo yake nitakuja kumpa mwenyewe, mkikubali.

Ni mimi,
Mdogo wako