Mbuzi wa Mjomba Élie

Bel-Air, Lubumbashi
Alhamisi, 18 Januari 2024

Mpendwa Yaya Constance, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya, ingawa zimechelewa. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, bado anakataa kumeza dawa mpaka umbembeleze? Sisi huku tu wazima, Mungu anatulinda, ila mvua ya mwaka huu haina adabu. Mke wangu Falonne alishikwa na malaria kidogo, sasa amepona na ananigombeza kama kawaida.

Barua hii anakuletea Ephraïm, anayerudi Kalemie kwa treni. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungeniuliza habari za kaka yetu Élie nami ningekudanganya. Wiki hii nimekwisha kudanganya vya kutosha.

Umesikia kwamba posa ya mwanao Tracy ilikwenda vizuri. Ni kweli, kwa macho ya wageni. Familia ya mchumba wake Hénoc ilikuja Jumamosi nyumbani kwangu, watu na elimu zao: baba mhadhiri, shangazi daktari, msemaji wao mwanasheria. Msemaji wetu nilikuwa mimi. Élie nilimkalisha mstari wa mbele, suti imepigwa pasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlea mwanao tangu ulipokwenda Kalemie kumtunza Mama. Hilo angalau unihesabie.

Katikati ya mazungumzo Falonne akaninong'oneza kwamba choo cha wageni kimefurika. Watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa imejaza shimo. Sikufikiri hata kidogo. Nilimwinamia Élie sikioni, naye akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akatokea mlango wa nyuma. Ningeweza kufunga kile choo na kuwaelekeza wageni kwa jirani, Yaya. Wazo hilo lilinijia Jumapili.

Hapo ndipo msemaji wao alipoinuka, mbuzi wa mjomba akiwa mlangoni na kamba shingoni, akasema: "Tunaomba mujomba mwenye alilea mutoto asimame, tumupe kamba mu mukono." Wote wakageuka. Kitini palikuwa na koti tu. Ningesema wangoje kidogo, yuko uani anazibua choo walichokitumia, maana hiyo ndiyo kazi yake, kuzibua na kuzoa vyoo vya mitaa yote ya komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Wangecheka, wangengoja. Badala yake nilisimama nikasema, "Niko hapa," nikapokea kamba. Wanawake wakapiga vigelegele.

Moyoni nilijitetea kwamba mimi pia ni mjomba wake, kwa hiyo si uongo. Unaijua akili yangu, haikosi pa kujificha. Élie akarudi amenawa mpaka viwikoni, akaiona kamba mkononi mwangu, akavaa koti lake na kukaa. Alikula, akaaga kila mtu kwa adabu, akapanda pikipiki na kwenda zake.

Unamkumbuka Baba. Kwake kazi ilikuwa moja tu, ile ya kuajiriwa, yenye namba ya kampuni, na watu wengine wote walikuwa wanajitafutia. Nilidhani nimeachana na mawazo hayo. Kanisani mimi ndiye ninayesema mbele ya watu kwamba kazi zote zina heshima. Lakini mimi nikikosekana ofisini wiki mbili, karatasi zinaningoja bila kulalamika. Élie akikosekana wiki moja kwa mvua hii, Kenya nzima inajua kwa pua.

Jumapili baada ya misa nilimpakia mbuzi kiti cha nyuma cha gari, watu wakinitazama njia nzima, nikampelekea. Élie hata kamba hakuigusa. Hakupandisha sauti. Alisema: "Gérard, mi sina na haya ya kazi yangu. Weye njo uko nayo. Lakini bale bantu habakuuliza kazi. Baliuliza nani alilea mutoto."

 Nilirudi na mbuzi.

Tracy, aliyekuwa amefichwa chumbani kama ilivyo desturi, alisikia baadaye. Jumatatu alikuja kwangu, akakataa kuketi. "Kama Papa Élie hasimame ku harusi, na miye sisimame." Harusi ni baada ya Pasaka, na mwanao hasemi kwa mchezo, amekurithi wewe. Élie naye anasema nimekwisha kusimama, basi nibaki hivyo hivyo nimesimama.

Nimeiomba familia ya Hénoc itupokee Jumamosi hii. Nitawaambia nani aliyemlea binti, na alikuwa wapi nilipopokea kamba. Naogopa aibu, sikufichi. Naogopa zaidi kwamba Élie hatakuja, maana nikiyasema bila yeye itakuwa hotuba yangu nyingine tu. Yaya, nakusihi, mpigie simu. Wewe hajakukatalia jambo tangu utotoni.

Nisalimie Mama na umfiche haya mpaka yatengemae. Msalimie shangazi Adolphine, na Syntiche na watoto wake. Mungu aushike mguu wako, akupe usingizi mwema, na mimi anipe kinywa kilichonyooka.

Nakiomba hicho kwa sababu jana jioni nilijizoeza maneno yangu ya Jumamosi mbele ya Falonne. Nilianza vizuri. Nikasema: "Kaka yetu Élie, anayehudumu katika usafi wa mji." Falonne akaacha kumenya vitunguu, akanitazama. "Ule mutu njo nani?" akauliza.

Mdogo wako akupendaye, ingawa wiki hii hajipendi,
Gérard