Hiari Uliyoniachia Barazani

Mume wangu Mwalimu,

Usishtuke kupata barua kwangu. Najua sikusoma. Mimi nasema, mjukuu wako Mwanaisha anaandika, na nimemwambia asipambe. Akithubutu kuandika "ewe nuru ya macho yangu" namtia kofi. Hukuwa nuru ya macho yangu. Ulikuwa mtu wa kukalia baraza yangu tangu asubuhi na kunijazia wageni.

Leo nimevunja biashara yako. Nimeona nikueleze mwenyewe.

Nyumba hii ya Kivinje aliniachia baba yangu, na siku ya arusi yetu nilikuona unaitazama baraza yake kwa mapenzi makubwa. Nikadhani unafurahia nyumba ya mkeo. Kumbe unahesabu wanafunzi watakaoenea! Fungate haijaisha, mkeka umetandikwa, sanduku la vitabu limewekwa mlangoni ili nijikwae vizuri, na vijana wauza utomvu wa sandarusi, mpira wa msituni na ufuta wamekaa wanafundishwa sheria ya kuuza na kununua. Walimu wenzako walifundisha sala na ndoa. Wewe, biashara.

Tena vitabu havikukutosha. Uliwatuma sokoni wakaangalie nani anabonyeza kipimo cha pishi kwa gumba, nani anatia mchanga kwenye sandarusi. Wakirudi mnajadiliana mpaka uji unapoa, halafu unakwenda kumshauri liwali soko liendeshwe vipi. Naye alikuwa amesoma kwenye mkeka huohuo, hakuthubutu kukufukuza.

Na wewe mwenyewe ukinunua samaki! Unamkumbuka yule kolekole? Nilikwambia ananuka. Ukasema, "Ana kasoro, kwa hiyo nina haki ya kumrudisha," ukatoka naye. Mkabishana na muuzaji mpaka adhuhuri, kasoro ikazidi, majirani wakafunga madirisha. Ukarudi na samaki yuleyule, uso unang'aa. Muuzaji amekubali kwamba kisheria ungeweza kumrudisha, kama asingekuwa ameoza kiasi hicho.

La mbuzi sijakusamehe. Ulitaka wanafunzi waone mauzo ya kweli, ukamfungua mbuzi wangu wa maziwa, ukamshikisha kamba Mfaume, yule kijana wa Kimatumbi mnunuzi wa mpira.

"Nimekuuzia mbuzi huyu kwa shuka hiyo begani mwako."

"Nimekubali, Mwalimu," akakupa shuka.

Ukawageukia wenzake. "Sasa, maadamu muuzaji na mnunuzi wamo kikaoni, kila mmoja ana hiari ya kuvunja mauzo. Hiari hiyo inakwisha lini?"

Mfaume akaruka kutoka barazani na kamba yake, akasimama katikati ya njia. "Sasa hivi, Mwalimu! Nimeondoka kikaoni!"

Nikatoka jikoni na mwiko. "Mbuzi wangu!"

"Mbuzi wangu, Mama Salama," ukasema. Kweli kaka yako alikupa wewe, lakini majani nani alikata? Nikangoja umgombeze yule mwizi. Wewe ukafuta machozi ya furaha. "Amefahamu! Mama Salama, kijana amefahamu!" Kijana alifahamu, mimi nikanywa uji bila maziwa.

Kisha vikaja vita vya Majimaji, na nusu ya mkeka wako ikabaki tupu. Wengine walipanda milimani hawakurudi, wengine waliitwa boma hawakurudi. Kila asubuhi uliutandaza mkeka wote, hata upande usio na mtu, na mimi nikaacha kukugombeza. Ndipo ulipojua kwamba mambo yameharibika.

Baada ya vita, Wadachi wakaogopa kila penye watu zaidi ya wawili. Wakatuletea askari, Mabruki, akae darsani asikilize kama unachochea fitina. Mwanzo alikaa na bunduki magotini, macho makali. Baadaye akasinzia. Baadaye zaidi akainua mkono. "Mwalimu, mtu kanunua kuku, kuku katagia njiani kabla ya kufika nyumbani. Yai la nani?" Serikali nzima ilikuwa imemlipa mtu yule aje atulize nchi, akabaki ananing'inia kwenye yai.

Siku yako ya mwisho liwali alikuja mwenyewe, hatazami watu usoni. Boma limetaka darsa life, vijana waende shule ya serikali. "Mwalimu, niuzie mimi sanduku la vitabu, nikupe bei nzuri, kuliko waje walibebe bure."

Uliutazama mkeka. "Nimekuuzia."

"Nimekubali," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea tanzia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kahawa. Ukaegemea sanduku lako kama unapumzika. Nikasema, "Mwalimu, kahawa." Nikasema tena. Tangu unioe, hiyo ndiyo mara pekee uliyoniacha na neno la mwisho, na silitaki.

Nikakaa eda. Liwali aliona haya kulichukua sanduku kwenye nyumba ya msiba, akasema atasubiri nimalize. Juzi akaja Mfaume. Sasa ni mtu mzima, anachechemea tangu vita. Akakaa upande wa pili wa pazia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefuata mbuzi mwingine?"

"Mama, Mwalimu alifia kikaoni. Hakuondoka."

"Aondoke vipi? Alitolewa kwa jeneza."

"Basi hiari yake ya kuvunja haikufa, imerithiwa. Na mrithi anayo maadamu hajaondoka pale habari ya kifo ilipomfikia. Ilikufikia wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Na tangu hapo umetoka nje?"

"Una wazimu? Nimo edani!"

Akaanza kucheka, nikasikia kicheko kinageuka kilio, nikamwambia apenge kamasi asije akanichafulia pazia. Nikitoka eda bila kusema neno, sanduku ni la liwali. Watoto wetu wameniachia mimi niamue. Nami sikuamua upesi, usijidanganye. Bei ya liwali ingeezeka paa zima, nalo linavuja. Na baraza ningeipata, niketi nisuke ukili wangu kwa raha, bila watu wa kunirukia na mbuzi. Asubuhi nikakaa nisikilize raha hiyo inavyokuwa. Mwalimu, kimya kile kilikuwa kinanuka kuliko kolekole.

Nikamwita liwali. Leo amekuja na Mabruki, wakakaa mkekani, mimi nyuma ya pazia.

"Sanduku la mume wangu," nikasema, "ninavunja."

Akauliza taratibu, "Mama, nani kakufundisha hayo?"

"Mwanafunzi mwenzako. Yule wa mbuzi."

Akamgeukia askari. "Mabruki, ulikuwepo. Mwalimu alisimama kabla ya kufa?"

"Hakusimama, Bwana Liwali. Nilikuwa macho."

"Siku hiyo tu," nikasema.

Liwali akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Wallahi, Mwalimu ananishika akiwa kaburini! Boma nitawaambia nini?"

"Waambie mauzo hayakutimia. Na hapa pana mtu wao anayesikiliza kila neno."

Akakifunga upya kilemba. Akasema darsa liendelee, biashara tu, si kingine, Mabruki asibanduke, na likizuka la kuzuka shingo itakayokatwa ni yake yeye liwali. Mabruki akakohoa. "Bwana Liwali, lile la yai hatukulimaliza."

Kwa hiyo sanduku liko palepale, nimejikwaa tena jioni hii. Mfaume ndiye atakayefundisha. Nimemwambia mbuzi waletwe wa kwake.

Kesho natoka eda. Nimemuuliza Mfaume kuhusu wewe, maana nilikuchukua na kasoro nyingi. Anasema mnunuzi akiona kasoro akanyamaza, haki yake ya kurudisha imekwisha. Mimi sikunyamaza hata siku moja, majirani ni mashahidi. Basi haki yangu ninayo mpaka leo, na kesho nitavuka kizingiti kwa miguu yangu, nipite upande ule wa mkeka ulipokuwa unakaa wewe, nishuke njiani.

Andika, Mwanaisha, na uwe shahidi: nimemkubali, na kasoro zake zote. Simrudishi.

Mkeo,
mwenye baraza